Siku Tatu Mlango wa Mwalimu Ulikuwa Wazi

Mwalimu wa Kijapani aliyekuwa akiishi mkabala na nyumba yetu alipofiwa na mama yake, hakuna mtu hata mmoja wa mtaa wetu aliyekwenda kumhani. Siku tatu zilipita hivyo. Mtaa wetu uko Bagamoyo mjini, na mtu wa huku akisikia habari hiyo atadhani mwalimu alikuwa amegombana na majirani, au kwamba alikuwa mtu wa majivuno. Hakuwa na ugomvi na mtu, wala majivuno. Majirani walikuwa wameshasimama, jamvi limeshateremshwa kutoka juu ya kabati. Aliyewazuia ni mimi, na niliwazuia kwa ajili ya kitabu.

Kitabu hicho nilikikuta nikiwa kidato cha pili. Maktaba ya shule yetu ilikuwa chumba kimoja, nusu yake imejaa madawati yaliyovunjika. Chini ya dirisha palikuwa na boksi la vitabu sita ambavyo mgeni mmoja alikuwa ameviacha, vyote kwa Kiingereza, vyote kuhusu Japani. Hakuna aliyeviazima. Mimi nilichukua kimoja siku ya mvua kwa sababu kilikuwa na picha ya viatu vilivyopangwa mlangoni, na viatu vile vilinifanya nifikirie kwetu.

Kwa muda wa miaka miwili nilivisoma vyote sita, tena na tena. Kimoja kilikuwa cha kufundishia watoto herufi, na nikazijaza herufi zake kwenye majalada ya madaftari yangu yote. Kimoja kilikuwa cha hadithi za kale. Kile nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa kinene, chenye jalada la kijani, nacho kilieleza adabu: jinsi ya kuingia nyumba ya mtu, jinsi ya kupokea kitu kwa mikono miwili, kwa nini vijiti vya kulia havisimamishwi katikati ya wali. Nilichokipenda ni kwamba mambo mengi niliyafahamu kabla sijamaliza kuyasoma. Kilisema kuna neno ambalo watu huambiana wakitoka kazini, *otsukaresama*, na mwandishi alitumia mistari mitatu ya Kiingereza kulieleza. Mimi nilihitaji maneno matatu tu: pole na kazi.

Nilimfundisha mama. Kilisema mtu akirudi nyumbani husema *tadaima*, na waliomo ndani humjibu *okaeri*. Basi nikifika mlangoni natoka shule napaza sauti, "Tadaima!" Naye mama jikoni anajibu, "Okaeri, na ile chumvi niliyokutuma iko wapi?" Shangazi yangu, dada yake marehemu baba, ambaye alikuwa akikaanga vitumbua barazani kwetu kila asubuhi, alianza kuniita Mjapani. Akipita mtu anamwambia, "Chukua vitumbua, lakini uvipokee kwa mikono miwili, huyu Mjapani wangu atakusema."

Kile kitabu cha kijani kilikuwa na sura moja ambayo sikuisoma. Ilikuwa ya mwisho, kuhusu kifo na mazishi. Niliifungua, nikaona picha ya ubani unafuka mbele ya sanamu, nikaifunga. Alasiri nilikuwa nakwenda chuoni kusoma Kurani, na niliona kurasa zile hazinihusu. Nikazibana pamoja kwa kibanio cha nywele ili zisifunguke kwa bahati mbaya. Sikuona kwamba nimeacha kitu. Niliona nimechuja. Nilipomaliza kidato cha nne, mwalimu wa maktaba alinipa kitabu kile nikae nacho, kwa kuwa jina la mwazimaji lilikuwa langu tu ukurasa mzima.

Miaka ikapita. Nikaanza kuandikia gazeti habari za mkoa wetu wa Pwani: mikutano ya vijiji, barabara, visima, kesi. Kazi hiyo ndiyo ninayoifanya mpaka leo. Ndipo akaja mwalimu.

Alikuwa mwanamke wa makamo, rika la mama yangu, aliyekuja kujitolea kufundisha hisabati katika shule moja ya sekondari. Alipanga nyumba ndogo ng'ambo ya njia. Mama mwenye nyumba, aliyekuwa akikaa nyumba ya pili yake, alikuja mbio kuniita siku ileile: "Njoo wewe uliyesoma, mgeni kaja na Kiswahili cha kuombea maji tu." Nikaenda. Mwalimu alikuwa ametoka dukani, anafungua mlango wake, na mimi nikamwambia, "Okaeri." Aliweka mfuko chini, akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Watu wa mtaa walikuwa wamesimama wanatazama. Siku hiyo nikawa mtu wa kuulizwa.

Na waliniuliza kila kitu. Kwa nini anainamia simu akizungumza? Kwa nini anakula samaki bila ya kumkaanga vizuri? Kwa nini akipewa zawadi haifungui mbele ya watu? Nilijibu yote. Mengine niliyatoa kitabuni, mengine niliyakisia tu, na sikuwa nikitenganisha. Kwenye habari zangu siandiki sentensi bila kusema imetoka kwa nani. Barazani kwetu nilisema "Wajapani wako hivi" na "Wajapani hawafanyi vile," na hakuna aliyeniuliza nimesikia kwa nani.

Lakini mwalimu hakuwa mvivu. Mwaka haujaisha, alikuwa anapatana bei mwenyewe soko la samaki. Alijua kumwamkia mkubwa na kumjulia hali mtu mmoja mmoja kwa zamu, wa nyumbani, wa shambani, mgonjwa wa wiki iliyopita. Shangazi alimfundisha kujifunga kanga. Palipotokea msiba alikwenda pamoja na wanawake, akakaa mkekani, akasema "Poleni na msiba" bila kukosea, kisha akaenda uani kuosha vikombe na wengine. Watu waliacha kutuma mtoto aje kuniita. Wakitaka kujua jambo walimuuliza mwenyewe. Niliumia kwa hilo, na wakati ule sikujua kuwa nimeumia.

Msiba wake ulitokea Jumamosi asubuhi, shule zimefungwa, walimu wenzake wametawanyika makwao. Mama mwenye nyumba alikwenda kumwambia kuwa maji yatakatika, akarudi kwetu ameshika kichwa.

"Mwalimu kafiwa na mama yake," alisema. "Kapigiwa simu sasa hivi. Kakaa kwenye kiti, simu mkononi. Hata halii. Anasema kwenda hawezi, watakuwa wameshazika kabla hajafika."

"Innalillahi," alisema mama, akainuka palepale. "Teremsheni jamvi."

Shangazi alizima jiko la vitumbua. "Sufuria kubwa iko wapi? Yangu iko kwa watu tangu ile hitima. Na nani ana mchele ndani, tumpikie kitu, asije akashinda na njaa yule."

Wanawake watano walikuwa wameshakusanyika barazani, wengine wanajifunga kanga ya pili. Mimi nilitoka chumbani nikasema, "Msiende."

"Msiende wapi?" aliuliza shangazi.

"Kwa mwalimu. Wajapani hawafanyi hivyo. Kwao mtu akifiwa anaachwa peke yake. Hawapendi kuonekana wakilia mbele ya watu. Mkiingia wote mle ndani na vilio, mtamwaibisha."

"Ala! Mtu kafiwa na mama aachwe peke yake, kwani ana ndui?" Shangazi aliwageukia wenzake. "Na hicho kitabu kaandika nani, mchawi?"

Wengine walicheka kidogo. Mama hakucheka. Alikuwa ameshika ncha moja ya jamvi.

"Una hakika, mwanangu?"

Kitabu kilisema kwamba Mjapani hapendi kuwa mzigo kwa wengine, na kwamba huzuni yake huificha. Kilisema hivyo katika sura ya kutembelea watu. Hakikusema chochote, katika kurasa nilizozisoma, kuhusu kufiwa. Nilijua hilo wakati ninasema.

"Nina hakika," nilisema. "Nimesoma."

Mama aliliweka jamvi chini. "Basi tumwache. Huyu ndiye anayewajua."

Na kwa kuwa watu wa mtaa wetu wakiamua kumstahi mtu humstahi kweli, walifanya zaidi ya nilichosema. Redio zilizimwa. Watoto walikatazwa kucheza mbele ya nyumba ile. Waliopita njia walipita upesi, macho chini, wasije wakamkuta mwalimu analia wakamtia aibu. Mama mwenye nyumba aliyekuwa na tabia ya kubisha hodi mara tano kwa siku hakubisha hata mara moja.

Mimi peke yangu nilikwenda. Niliandika pole kwa herufi nilizojifunza shuleni, kwenye kadi nyeupe, nikampelekea alasiri. Nilimkuta ameketi karibu na mlango, kanga kichwani kama shangazi alivyomfundisha. Nilimpa kadi kwa mikono miwili, nikainama. Naye akainama. Aliisoma, akashukuru, kisha akatazama nyuma yangu, njiani.

"Mama yako hajambo?" aliuliza kwa Kiswahili.

"Hajambo."

"Shangazi hajambo?"

"Hajambo."

"Na mama mwenye nyumba? Wote wapo?"

"Wote wapo, wote hawajambo."

Aliitikia kwa kichwa. Nikaaga, nikaondoka kinyumenyume kama kitabu kilivyofundisha. Nilidhani ananijulia hali ya watu.

Dirisha la chumba changu lilitazama mlango wake, na kazi yangu ni kutazama. Kwa hiyo naweza kusema kwa uhakika alichofanya. Jumamosi ileile alifungua mbao zote mbili za mlango, jambo ambalo hakuwa akilifanya siku nyingine. Alifagia. Alitandika mkeka mpya sebuleni, na mwingine pale kizingitini. Alileta sinia la vikombe akaliweka ukutani. Nilivihesabu, vilikuwa kumi na kimoja. Nilijiambia anafanya usafi, maana kitabu kilikuwa na ukurasa mzima juu ya Wajapani na usafi. Kisha akakaa. Akisikia nyayo anainua uso. Nyayo zikipita anauinamisha.

Jumapili nilikwenda Lugoba kwenye mkutano wa wanakijiji juu ya bwawa la kunyweshea ng'ombe. Nilirudi jua likiwa bado juu. Mlango wa mwalimu ulikuwa wazi vilevile. Vikombe vilikuwa vilevile, safari hii vimefunikwa kitambaa. Pembeni yake palikuwa na chupa mbili za chai. Moja niliijua, alikuwa akienda nayo shule kila siku. Ya pili ilikuwa mpya, karatasi ya dukani bado imebandikwa ubavuni.

Mtu anayeishi peke yake hanunui chupa ya pili ya chai. Nilisimama pale njiani na mkoba wangu begani nikaelewa yote kwa mara moja: mlango, mikeka, vikombe, kuinua uso, kuniuliza kama wote wapo. Alikuwa amehudhuria misiba yetu mwaka mzima. Alijua watu huja bila kuitwa. Alikuwa amejitayarisha kutupokea.

Kutoka pale nilipokuwa hadi barazani kwetu ni hatua kumi na mbili. Mama na shangazi walikuwa wamekaa wanachambua mchele. Ingetosha kusema, "Nimekosea, nendeni." Wangeninyanyasa kwa maneno siku mbili tatu, na shangazi angekitaja kitabu changu kwa kila mteja wa vitumbua hadi mwezi uishe. Basi, si zaidi ya hapo. Nilipita, nikawaamkia, nikaingia chumbani kuandika habari ya bwawa la ng'ombe.

"Vipi mwalimu, umemwona?" mama aliniuliza kupitia dirishani.

"Anaendelea vizuri," nilisema. "Amepumzika."

Jumatatu jioni, mwalimu alikunja mikeka, akarudisha vikombe ndani, akafunga ubao mmoja wa mlango. Hilo nalo nililiona.

Baada ya hapo hakuna aliyemkosea heshima, wala yeye hakumkosea mtu. Aliendelea kusalimia. Lakini miezi michache baadaye jirani yetu mzee alipofariki, mwalimu alikuja akasimama nje ya ua, kanga mkononi hajaifunga. Alinisubiri nipite, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Naruhusiwa kuingia?" Nilimwambia ndiyo, karibu. Alikaa mwisho kabisa, karibu na ndala, akaosha vikombe, akaondoka kabla ya chakula. Wanawake waliona. "Ndivyo walivyo," mmoja alimwambia mwenzake. "Hawapendi watu wengi. Yule mama yake kafa, hata kuja kutulilia hakuja."

Nusu mwaka baadaye muda wake ulikwisha. Alipita nyumba kwa nyumba kuaga, kila nyumba akaacha kitambaa chembamba cha rangi ya buluu chenye mawimbi meupe. Mama alikipokea kwa mikono miwili. Mwalimu alimshika mikono yote, akaishikilia muda mrefu kuliko kawaida, kama mtu anayesubiri kuambiwa jambo. Mama alidhani ni majonzi ya safari. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya kabati lenye jamvi.

Wiki ile alipoondoka ndipo nilipokitoa kitabu cha kijani. Kibanio kilikuwa kimeshika kutu, na kilipotoka kiliacha alama ya hudhurungi kwenye kurasa zote za sura ya mwisho. Nilizisoma nimekaa kitandani. Kilisema kwamba mtu akifa watu huja kukesha na maiti na kula pamoja. Kilisema vijijini majirani wanawake huingia jikoni kwa wafiwa na kupika, ili wafiwa wasifanye kazi. Kilisema ndugu hukutana tena siku ya saba, na tena siku ya arobaini na tisa. Sisi tunayo arobaini. Ningeweza kuieleza sura ile nzima kwa mama kwa muda wa kumenya kitunguu, naye angeniambia, "Kumbe sawasawa na sisi." Nilikirudisha kitabu kabatini, na sikumweleza.

Mtaa wetu sasa una msemo ambao haukuwepo zamani. Mtu asipofika msibani, au akichelewa kumwona mgonjwa, wanawake humwambia, "Shoga, umekuwa Mjapani?" Husema kwa mzaha, hata binti za shangazi huko Kerege nimewasikia wakiutumia. Wadogo wanaoutamka hawajamwona mwalimu. Mimi kila nikiusikia hujishughulisha na jambo jingine, nafunga viatu, natazama simu. Najua msemo umetoka kwa nani, na ni mara pekee ambapo naweza kutaja chanzo kwa uhakika kamili.

Mwezi uliopita mwalimu aliniandikia kwenye simu. Hakuwa ameandika tangu aondoke, isipokuwa salamu za Idi. Kiswahili chake bado ni kizuri, pengine anakisoma vitabuni. Alimsalimia mama, shangazi, mama mwenye nyumba, mmoja mmoja kwa zamu. Kisha akaandika hivi: "Nina swali ambalo nimelibeba muda mrefu, na wewe tu unaweza kunijibu, kwa sababu unatujua sisi na unawajua wao. Mama yangu alipofariki, nilikuwa nimewakosea nini watu wa mtaa? Nikijua kosa langu nitawaomba radhi."

Mama alikuwa karibu yangu, anakunja nguo. Kile kitambaa cha mawimbi anakitumia kufunikia mkate.

"Nani huyo?"

"Mwalimu. Anawasalimu."

"Masikini! Mwambie tunamkumbuka." Alikunja nguo nyingine, akaongeza, "Na mwambie siku zile za msiba wake tulitamani sana kwenda. Tulimstahi tu. Au wewe ulishamweleza?"

"Nilimweleza," nilisema.

Nimeandika jibu mara nne, nikalifuta mara nne. La kwanza lilikuwa refu na lilianza na kitabu. La nne lilikuwa na maneno matatu tu: aliyekosea ni mimi. Ujumbe wake bado uko palepale, na alama mbili za buluu pembeni yake zinamwonyesha kwamba nimeshausoma.